Mahali pa Kupaka Namba

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu, nilishika brashi. Karani Mkuu, Mzee Koech, alinipokea mlangoni mwa masijala ya ofisi ya afya saa mbili kamili asubuhi. Alitazama viatu vyangu vilivyojaa udongo mwekundu, kisha akanipa mkebe wa rangi nyeupe na orodha ya karatasi tano.

"Wewe ndiye ule msichana wa kutoka kambi ya majani chai?"

"Ndiyo, Mzee. Naitwa Kemunto."

"Unajua kuandika namba vizuri?"

"Najua."

"Basi anza na viti. Kiti ni mgongoni, meza ni mguu wa kushoto, kabati ni ubavuni. Kitu ikikosa namba, hiyo si ya serikali. Inaweza kutembea mpaka nyumbani kwa mtu."

Nilipaka namba siku tatu. Siku ya nne tulizunguka pamoja, yeye akisoma orodha na mimi nikitafuta. Nikigusa kiti na kutaja namba yake, alisema "imeonekana," akaweka tiki. Kwa kila kitu neno lilikuwa hilo hilo. Kama hakukiona kitu kwa macho yake mwenyewe hakuweka tiki, hata kama mimi nilikuwa nimekikalia chumba cha pili na kumwitikia kwa sauti. Siku hiyo nilimwona kama mzee msumbufu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenifundisha sheria ya kwanza ya utumishi wa umma, na miaka mingi baadaye nikatambua kwamba sheria hiyo hiyo ndiyo ingenifungia njia.

Ninyi mnaoingia kazini sasa huenda hamjawahi kuona masijala ya wakati ule. Ni chumba cha mafaili. Kila faili lina jalada, kila jalada lina namba, na kila linapotoka chumbani unajaza kadi ya kusema limekwenda kwa nani. Kadi ikipotea, faili limepotea, hata kama liko juu ya meza ya jirani. Nilikaa masijala miaka minane. Niliipenda kazi ile, na sioni haya kusema hivyo.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda. Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma chai, na mimi nilizaliwa kambini, katika zile nyumba za safu zinazofanana hadi mgeni anaingia isiyo yake na kutoka akiomba radhi. Wachumaji huhamishwa. Sisi tulihamishwa mashamba mara tatu kabla sijamaliza darasa la saba. Katika uhamisho wa pili, kadi ya kliniki ya mdogo wangu ilipotea njiani, ndani ya trekta iliyobeba vitanda vyetu. Muuguzi wa zahanati mpya alimgombeza mama mbele ya foleni nzima: "Kadi iko wapi? Wewe ni mama wa namna gani?" Mtoto akaanza chanjo upya, kana kwamba amezaliwa siku hiyo. Niliamua nikiwa mdogo kwamba nikipata kazi ya karatasi, karatasi za watoto hazitapotea mikononi mwangu. Mengine yote nitakayoyasimulia yanatoka hapo.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini ilifunikwa kitambaa cha maua, na ikakaa hivyo karibu mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiharibu. Namba yake niliipaka mimi, ubavuni. Kwa kuwa nilikuwa nimeigusa tayari, nikaona nianze nayo. Nilinunua kitabu cha mitumba cha mafunzo, kisicho na jalada, nikakisoma kwa kamusi. Niliandika maelezo katika madaftari ya shule, somo moja ukurasa mmoja. Kila Jumamosi nilipanda hadi Kabianga, kwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta, iliyokuwa karibu na chuo kikuu, nikalipia saa mbili. Wanafunzi walinizoea. Waliniita Mathe, yaani mama, na walikuwa wakinicheka, lakini walinifundisha.

"Mathe, hapo unafuta! Kuhifadhi ni ile ingine!"

"Nionyeshe tena, polepole. Ninaandika."

"Mathe anaandika hadi kikohozi," alisema mmoja, na saiba nzima ikacheka, mimi nikiwemo.

Serikali za kaunti zilipokuja, ofisi yetu ilipangwa upya, na nikajikuta na cheo cha Afisa wa Kumbukumbu na Mawasiliano. Sikuwa na shahada, lakini nilikuwa na madaftari kumi na manane. Mwaka uliofuata tukaletewa seva. Seva ni kompyuta kubwa isiyokaliwa na mtu: kazi yake ni kutunza taarifa za wote na kuzitoa zinapoombwa. Tuliiweka katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Nikapaka namba, nikapewa ufunguo, nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Humo niliingiza kumbukumbu za kliniki za kina mama na watoto wa zahanati zetu zote: nani amezaliwa, ana uzito gani, amechanjwa nini, lini na wapi.

Kasoro zilikuwa mbili. Ya kwanza, seva ilisomeka kutoka ofisini kwetu tu. Zahanati ziliendelea kujaza madaftari na kutuletea kila Ijumaa. Mama aliyehamishwa kutoka shamba moja hadi jingine bado alifika kwa muuguzi asiyemjua, bado akaulizwa kadi iko wapi. Ya pili ilikuwa paa. Yeyote aliyeishi nchi hii ya chai anajua kwamba mvua hapa huja karibu kila alasiri, na mara nyingine huja na mawe. Msimu mmoja maji yalipita kwenye mabati yakadondoka sentimita chache kutoka kwenye seva. Nilifunika mashine kwa turubai na kukaa nayo hadi mvua ilipokatika, nimeshika ndoo. Nikiwa nimeketi pale nilihesabu watoto waliomo ndani ya sanduku lile, nikaona kwamba tulikuwa tumeziweka kadi zote za kaunti ndani ya trekta moja.

Ndipo nikaanza kusoma habari za klaudi. Nitaieleza kama nilivyoieleza ofisini: ni kukodi nafasi katika kompyuta za watu wengine, zilizo katika majengo imara yenye walinzi, umeme wa akiba na mafundi, nawe unazifikia kwa mtandao popote ulipo. Muuguzi wa Chepseon anaona alichoandika muuguzi wa Kabianga dakika hiyo hiyo. Nilidhani nikishaeleza hivyo kazi itakuwa imekwisha. Ilichukua miaka mitatu.

Mkurugenzi wa Afya wakati huo alikuwa daktari mpole, mrefu, anayependa kunywa mursik, maziwa ya mgando, kwa kikombe cha maabara ambacho hakijawahi kufanya kazi ya maabara. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Madam Kemunto, nikiamka asubuhi nitake kuona rekodi zangu, naenda wapi?"

"Unafungua kompyuta yako, Daktari."

"Hapana, sikuuliza nitazionaje. Nimeuliza ziko wapi."

Nilirudi mezani kwangu, na tangu siku hiyo nilijifunza kutorudi kwake bila jibu. Niliisoma sheria ya kulinda taarifa za watu, kifungu kwa kifungu, nikaandika kurasa mbili za maswali. Mwanasheria wetu akakaa nazo miezi mitano. Jibu lilipokuja lilisema hakuna kizuizi, mradi tujue taarifa zinatunzwa nchi gani na nani ana ruhusa ya kuzifungua. Nilikwenda na barua hiyo kwa Daktari na ramani ndogo niliyochora kwa mkono. Aliitazama, akasema, "Sasa hapa naweza kuenda," akatia sahihi.

Mtandao nao ulikuwa kizuizi. Kule juu ya Chepseon kulikuwa na zahanati ambayo simu ilishika kwenye kona moja tu, kando ya tangi la maji. Msimamizi wake, Sister Chelangat, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Alikuwa ameomba antena, akajibiwa kwamba antena ipo lakini mti wa kuisimamishia haumo kwenye mpango wa mwaka. Alikata mkaratusi katika shamba lake mwenyewe, akausimika kando ya tangi, kisha akanipigia simu, akaanza na salamu ya lugha yake, Kipsigis.

"Madam, chamgei! Mti imesimama. Leta hiyo kitu yenu kabla mbuzi haijajikuna hapo."

Kwa hiyo tukawa na sheria, na sahihi, na mti. Kikabaki kizuizi ambacho hakuna kitabu changu hata kimoja kilichokitaja. Serikali haiwezi kukubali kitu hadi kamati ya ukaguzi na upokeaji ikione. Kamati ilikuja watu watatu, wakiongozwa na Bwana Ochieng, mtunza stoo. Alitoka upande wa ziwani, mtu wa mwili na kicheko, aliyefundishwa kazi na Mzee Koech kama mimi. Aliingia chumba cha seva akiwa na daftari kubwa kwapani, brashi mkono mmoja na mkebe wa rangi nyeupe mkono mwingine.

"Haya, dada yangu. Klaudi iko wapi tupake?"

"Haipakwi, Ochieng. Haipo hapa."

"Imechelewa njiani?"

"Haiji. Inakaa huko huko, sisi tunaitumia."

Aliweka mkebe chini polepole. "Kemunto, sisi wawili tumetoka mbali. Mkaguzi wa hesabu akikuja aseme, Ochieng, nionyeshe hiyo kitu uliweka sahihi umepokea, nitamwonyesha nini? Nitaelekeza kidole dirishani?"

Wenzake wawili waliangalia sakafu. Hawakuwa wajinga, nami nawaomba msiwacheke. Watu hao walikuwa wamelinda mali ya umma maisha yao yote kwa kanuni moja, kwamba usichokiona usikitilie sahihi, na kanuni hiyo imeokoa vitu vingi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipaka kwenye migongo ya viti.

Nilitazama nje kutafuta maneno, nikamwona askari wa geti, mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi, akimfungulia mtu.

"Ochieng, yule askari ulimpokea?"

"Kampuni yake ndiyo tulipokea. Ndiyo."

"Umempaka namba wapi?"

Kisha mwenzake mmoja akaanza kutikisika mabega, na Ochieng akapasuka kicheko hadi brashi ikaanguka. Askari alisikia, akageuka na kutuonyesha mgongo wake: "Mkubwa, mkinipaka niongezwe mshahara!"

"Sawa," alisema Ochieng akifuta macho. "Yule hatukupokea mtu, tulipokea ulinzi. Tunajua ako kazini kwa sababu geti inafungwa. Sasa hii yako geti yake ni gani?"

Hilo lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa miaka mitatu. Niliandika jaribio kwenye ukurasa mmoja, na Alhamisi iliyofuata kamati nzima ilipanda Chepseon. Tulipanga hivi: muuguzi wa Kabianga aandikishe mtoto wa majaribio, mbele ya shahidi, nasi tumtafute tukiwa Chepseon. Ochieng alidai kumpa mtoto jina. Alimwita Ochieng Mdogo, kilo nne kasoro kidogo.

Tulikaa mbele ya skrini, Sister Chelangat, kamati na mimi. Skrini ilizunguka, ikazunguka. Mmoja wa wenzake Ochieng akatazama saa. Sister akatoka nje, tukasikia akimfukuza mbuzi kwa Kipsigis kikali, na mti wa antena ukaacha kutikisika. Ukurasa ukafunguka. Ochieng Mdogo alikuwa pale, na kilo zake, na saa aliyoandikishwa.

"Woi!" alisema Ochieng Mkubwa. "Ako na afya!"

Jaribio lilipokwisha nilimfuta mtoto yule kwenye kumbukumbu, kama utaratibu unavyotaka. Ochieng alinilalamikia njia nzima ya kurudi kwamba nimemwondoa mwanawe hata ugali hajaonja. Lakini sahihi zilitiwa siku hiyo. Kabla hatujaondoka alikwenda na mkebe wake hadi kwenye mkaratusi, akapaka namba urefu wa kifua, nadhifu, akaupuliza ukauke.

"Hii angalau ina mgongo. Nitaiandika kwa jina lako, Kemunto."

Katika daftari lake aliandika mistari miwili: mti mmoja, na chini yake, huduma ya klaudi. Kwenye mti aliweka "imeonekana." Mstari wa pili aliuacha wazi. "Sahihi ya kupokea nimeweka," aliniambia. "Lakini kuonekana ni neno ya Mzee Koech. Nilichoona leo ni mtoto wa uongo. Hiyo nitaandika siku nikiona."

Mngedhani basi nilihamisha kumbukumbu kesho yake. Nilisema Jumatatu. Jumatatu ilipofika nikaona nikague nakala ya akiba mara moja zaidi. Nikasema Jumatatu nyingine, nikapata sababu nyingine, nzuri vile vile. Sister Chelangat alinipigia.

"Madam, si ulisema Jumatatu?"

"Nakagua tena, Sister."

"Unakagua ama unaaga?"

Nilikata simu nikashika ule ufunguo shingoni. Alikuwa amesema kweli. Kwa miaka yote nilikuwa mtu wa kuulizwa, "Madam, tufungulie." Wakubwa walisimama mlangoni kunisubiri. Nilikuwa nimewaandikia wengine ripoti ndefu kuhusu vizuizi, na sasa kimoja kilikuwa kimekaa kwenye kiti changu, kimevaa kamba ya kiatu. Nilicheka peke yangu chumbani mle, kicheko cha kweli, kisha nikaanza kuhamisha. Ilichukua siku mbili. Nilihakiki kumbukumbu moja moja za zahanati kumi za kwanza, na zilizobaki kwa sampuli.

Wiki tatu baadaye ilikuja ile mvua ya mawe ambayo wakulima hapa bado wanaitumia kupimia nyingine. Ilichana majani ya chai yakabaki vijiti. Mabati ya chumba cha seva yalitoboka kama chujio. Daktari alikuja mbio, suruali imekunjwa magotini, akanikuta nafagia maji, seva imelowa hadi juu.

"Madam! Watoto wetu?"

"Njoo ofisini kwako, Daktari."

Alikaa akidondosha maji kwenye kiti chake. Nilimwambia afungue mwenyewe. Alichagua zahanati moja, kisha nyingine, kisha ya tatu. Wote walikuwepo. Aliegemea nyuma, halafu akapaza sauti kwenye korido kwamba chai iletwe, na iwe ya kutosha watu wote, na mandazi. Tulikunywa tumesimama katika maji ya kifundo cha mguu, na sikumbuki sherehe ya serikali iliyonipendeza kuliko hiyo.

Mwaka jana niliomba kustaafu mapema, ningali na nguvu za kushika jembe. Ukistaafu unapewa fomu ya kurudisha mali yote iliyoandikwa kwa jina lako. Nilirudisha ufunguo, ingawa mlango wake sasa ni wa chumba cha kina mama kunyonyeshea. Nilirudisha kiti, namba mgongoni, mwandiko wangu wa siku ya kwanza. Ochieng akapitisha kidole chini ya orodha.

"Bado mti."

"Ochieng, mti uko Chepseon. Umesimikwa ardhini."

"Najua iko wapi. Sijaiona mwaka huu."

Tukapanda Chepseon, watu wazima wawili, kwenda kutazama mti. Ulikuwepo, namba imefifia kidogo, alama za mbuzi magotini pake. Ochieng aliugusa, akasema "imeonekana," akaweka tiki. Mvua ikaanza kudondoka, tukaingia barazani mwa zahanati kujikinga.

Mbele ya dirisha alikuwa amesimama mama kijana, mchumaji, aproni ya plastiki bado kiunoni, mtoto mgongoni. Walikuwa wamehamishwa juzi kutoka shamba la upande wa Kabianga. Alikuwa akizungumza na Sister Chelangat kwa sauti ya chini, na nilijua atakachosema kabla hajakisema.

"Sister, kadi ilibaki kwa lori. Tulitafuta, hatukupata. Pole sana."

"Pole ya nini? Jina ya mtoto?"

Alitaja. Sister akabonyeza, akasubiri, akasoma kwa sauti yake ile ya bonde la pili ambayo foleni nzima iliisikia: "Huyu amekuja kliniki kila mwezi, hajakosa hata moja! Imebaki ya surua peke yake. Wewe ni mama mzuri sana. Mlete hapa nimpime."

Yule mama aligeuka kutuangalia sisi wa barazani, akatabasamu kama mtu aliyetajwa kwenye tuzo za shule. Mimi nilijifanya natazama mvua.

Ochieng alikuwa amefungua daftari lake juu ya goti. Alirudi kurasa nyingi nyuma, hadi kwenye mistari ile miwili, na ule wa pili ulikuwa bado wazi. Aliitikisa kalamu, maana wino ulikuwa mzito kwa baridi, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, kisha akanigeuzia nisome.

"Imeonekana."